Ritani ya kodi: programu au mhasibu?

Wafanyabiashara wa Ngara na Biharamulo wapime gharama kabla ya Juni

KILA mwaka ifikapo mwezi Juni, swali moja hurudi katika maduka ya Rulenge, maghala ya nafaka ya Nyakahura na maegesho ya malori ya Nyakanazi. Je, ritani ya kodi ya mapato ijazwe na mwenye biashara mwenyewe kwa kutumia programu ya kompyuta au simu, au atafutwe mhasibu alipwe aifanye kazi hiyo?

Kwa wale ambao mwaka wao wa hesabu huanza Januari na kuishia Desemba, ritani ya mwisho hutakiwa iwe imewasilishwa Mamlaka ya Mapato Tanzania (TRA) ndani ya miezi sita, yaani ifikapo Juni 30. Anayechelewa hutozwa faini kila mwezi. Kwa mujibu wa Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015, faini hiyo ni asilimia 2.5 ya kodi inayodaiwa, au pointi tano za fedha kwa mtu binafsi na pointi 15 kwa kampuni, kutegemea kipi ni kikubwa. Sheria hiyo ilipoanza, pointi moja ilihesabiwa kuwa Sh. 15,000/-. Maana yake mwenye duka aliyechelewa alianza kudaiwa Sh. 75,000/- kwa mwezi hata kama kodi yenyewe ilikuwa ndogo.

Wengi hulichukulia suala hili kama la bei tu: programu ni rahisi, mhasibu ni ghali. Mtazamo huo ndio unaowatia hasara. Swali la kwanza si nani anatoza kidogo. Swali ni wapi kosa linaweza kutokea katika biashara inayohusika, na kosa hilo likitokea litagharimu kiasi gani. Mwenye kujua jibu lake hatapata taabu kuchagua.

KUTOKA KAUNTA BUKU HADI SIMU

Wilaya hizi mbili zimezoea biashara kubwa inayokuja kwa ghafla. Aprili 1994, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka daraja la Rusumo katika muda wa saa 24 hivi, na kambi ya Benaco ikazaliwa. Mashirika ya misaada yakahitaji malori, kuni, nyumba za kupanga na vyakula. Fedha nyingi zilipita mikononi mwa wafanyabiashara wa Ngara na Biharamulo, na wengi wao waliandika hesabu zao kwenye kaunta buku, au hawakuandika kabisa.

Baada ya hapo mambo yalibadilika hatua kwa hatua. TRA ilianza kazi Julai 1996. Kodi ya ongezeko la thamani (VAT) ilianza Julai 1998. Mwaka 2010 zikaingia mashine za kielektroniki za kutolea risiti, zinazojulikana kwa kifupi kama EFD, zikianzia kwa wafanyabiashara waliosajiliwa VAT. Mwaka 2013 zilipopelekwa kwa wafanyabiashara wengine kulizuka malalamiko makubwa na maduka yakafungwa katika miji kadhaa, bei ya mashine ikiwa ni moja ya sababu. Baadaye ikaja VFD, ambayo si mashine ya kushikwa mkononi bali ni programu ndani ya simu au kompyuta inayotoa risiti ileile. Ritani nazo zikahamia mtandaoni, ambako mlipakodi huingia kwa namba yake ya utambulisho (TIN) na neno la siri.

Kituo cha pamoja cha forodha cha Rusumo nacho kilizinduliwa Aprili 2016, maofisa wa Tanzania na Rwanda wakifanya kazi chini ya paa moja. Mwaka 2021 mradi wa nikeli wa Kabanga wilayani Ngara ulipata leseni ya uchimbaji mkubwa. Biharamulo nayo ina historia ya mgodi wa dhahabu wa Tulawaka, ambao mwaka 2013 ulichukuliwa na shirika la umma, STAMICO.

Wanunuzi wakubwa wa aina hiyo hawanunui nyanya, mbao wala huduma ya usafiri kwa mtu asiye na TIN, risiti ya EFD na hati ya TRA inayoonyesha kuwa hana deni. Hivyo ritani siku hizi si karatasi ya kumridhisha ofisa wa kodi peke yake. Ni karatasi ya kupatia zabuni na ya kuombea mkopo benki.

PROGRAMU INAJUA NINI?

Programu ya hesabu hufanya mambo matatu vizuri kuliko binadamu. Kwanza, hujumlisha bila kuchoka. Pili, hukumbusha tarehe. Tatu, hutunza kumbukumbu mahali ambapo panya na mvua havifiki, ili mradi mwenyewe asisahau neno la siri. Jambo hili la tatu lina uzito, kwani sheria inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu zake kwa miaka isiyopungua mitano.

Kitu ambacho programu haiwezi ni kuuliza. Ikiambiwa kwamba Sh. 3,000,000/- ni mauzo, itaziandika kuwa mauzo, hata kama fedha hizo ni mkopo wa chama cha kuweka na kukopa au mchango wa harusi uliopitia kwenye simu ya duka. Mhasibu anayejua kazi yake ataziona na kuuliza, "Hizi zimetoka wapi?" Swali hilo moja ndilo mteja analolilipia.

Mfano ulio wazi ni wa wakala wa fedha za simu. Katika njia panda ya Nyakanazi, ambako barabara za Kigoma, Isaka na Rusumo zinakutana, wakala mwenye wateja wengi anaweza kupokea na kutoa mamilioni ya shilingi kwa wiki moja. Fedha hizo si zake. Mapato yake ni kamisheni tu, na kampuni ya simu huwa imekwisha kuikata kodi ya zuio kabla ya kumlipa. Akiiunganisha programu na simu yake na kuiacha ihesabu kila kinachoingia, kwenye karatasi ataonekana tajiri mwenye mauzo ya mamia ya milioni. Ritani ikishatumwa hivyo, kuirekebisha ni kazi kubwa kuliko kuijaza.

WALIO CHINI YA KIKOMO

Kundi kubwa la wafanyabiashara wa wilaya hizi ni wenye maduka ya rejareja, vibanda vya vipuri, migahawa na mashine za kusaga. Hawa wengi hulipa kodi ya makadirio, inayotokana na mauzo ghafi ya mwaka na siyo faida. Sheria ya Fedha ya mwaka 2019 iliinua kikomo cha utaratibu huo kutoka mauzo ya Sh. milioni 20 hadi Sh. milioni 100 kwa mwaka. Moja ya sababu ilikuwa kumwondolea mfanyabiashara mdogo gharama ya kuajiri wataalamu wa kumtengenezea na kumthibitishia hesabu.

Utaratibu huo ni wa mtu binafsi mkazi wa Tanzania, ambaye mapato yake yanatokana na biashara iliyoko nchini. Kampuni haihusiki, hata ikiwa ndogo kiasi gani. Ndiyo maana anayesajili kampuni kwa ajili ya kupata jina zuri la kuandika kwenye kibao anapaswa kujua kwamba siku hiyohiyo amejitoa kwenye kodi ya makadirio.

Kwa viwango vilivyowekwa mwaka 2019, mauzo yasiyozidi Sh. 4,000,000/- kwa mwaka hayakutozwa kitu. Kutoka Sh. 4,000,000/- hadi Sh. 7,000,000/-, asiye na kumbukumbu alitozwa Sh. 100,000/-, wakati mwenye kumbukumbu alitozwa asilimia 3 ya kiasi kilichozidi Sh. 4,000,000/-. Kutoka Sh. 7,000,000/- hadi Sh. 11,000,000/-, asiye na kumbukumbu alitozwa Sh. 250,000/-, na mwenye nazo Sh. 90,000/- pamoja na asilimia 3 ya kilichozidi Sh. 7,000,000/-.

Chukua mfano wa mwenye duka wa Rulenge aliyeuza bidhaa za Sh. 8,000,000/- kwa mwaka. Asipokuwa na kumbukumbu atalipa Sh. 250,000/-. Akiwa nazo, atalipa Sh. 90,000/- na asilimia 3 ya Sh. 1,000,000/-, ambayo ni Sh. 30,000/-. Jumla ni Sh. 120,000/-. Daftari peke yake limemwokolea Sh. 130,000/-.

Kiasi hicho cha Sh. 130,000/- ndicho kipimo chake. Mtu yeyote atakayemtoza zaidi ya hapo kwa mwaka ili amtunzie kumbukumbu anamtia hasara, hata kama ana ofisi nzuri Bukoba au Mwanza. Kwa mfanyabiashara wa ngazi hii, programu rahisi ya mauzo, au hata daftari linaloandikwa kila jioni pamoja na faili la risiti, inatosha. Afike ofisi ya TRA ya wilaya mwanzoni mwa mwaka akiwa na kumbukumbu hizo, afanyiwe makadirio, na alipe kwa awamu nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Biashara ikishuka katikati ya mwaka, daftari hilohilo ndilo litakalomsaidia kuomba makadirio yapitiwe upya.

Jambo jingine linalochanganya watu wa Rusumo na Kabanga ni utaratibu rahisi wa biashara ndogo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mwenye bidhaa zinazotoka ndani ya Jumuiya, zisizozidi thamani ya Dola za Marekani 2,000, hupewa cheti rahisi cha asili ya bidhaa na kuvuka bila kutozwa ushuru wa forodha. Wapo wanaodhani cheti hicho kimewamalizia kodi zote. Sivyo. Kinahusu ushuru wa mpakani. Mauzo ya maharage hayo bado ni mauzo, na yanaingia kwenye hesabu za mwaka kama mengine.

MNUNUZI WA MAZAO NA RISITI ZISIZOKUWEPO

Mambo hubadilika kabisa mauzo yanapovuka kikomo. Hapo kodi huacha kuhesabiwa kwa mauzo na huanza kuhesabiwa kwa faida, na faida haithibitishwi kwa maneno. Anayeingia hatarini kwanza ni mnunuzi wa mazao, kwa sababu mzunguko wake ni mkubwa na faida yake ni nyembamba.

Tuseme mnunuzi wa mahindi na maharage wa Nyakahura ameuza mazao ya Sh. milioni 120 kwa mwaka, na baada ya kutoa ununuzi, magunia, vibarua, ghala na usafiri, amebakiwa na faida ya Sh. milioni 9. Kwa viwango vya kodi ya mtu binafsi vilivyotumika kuanzia Julai 2021, Sh. 3,240,000/- za mwanzo hazitozwi. Zinazofuata hadi Sh. 6,240,000/- hutozwa asilimia 8, hadi Sh. 9,120,000/- asilimia 20, hadi Sh. 12,000,000/- asilimia 25, na zinazozidi hapo asilimia 30. Kodi yake ni Sh. 240,000/- pamoja na Sh. 552,000/-, jumla Sh. 792,000/-.

Sasa tuseme ununuzi wa Sh. milioni 10 hauna uthibitisho. Alinunua kwa wakulima vijijini, akalipa taslimu, hakuandika jina wala uzito. Sheria inataka gharama inayokatwa iwe na ushahidi, na risiti ya EFD ndiyo inayotakiwa kwa muuzaji anayepaswa kuitoa. Mkaguzi akizikataa hizo Sh. milioni 10, faida itahesabiwa kuwa Sh. milioni 19. Kodi itapanda hadi Sh. 3,636,000/-.

Biashara ni ileile na fedha mfukoni ni zilezile. Kilichobadilika ni karatasi, na karatasi hizo zimegharimu Sh. 2,844,000/-, karibu theluthi moja ya faida yote ya mwaka.

Hapa ndipo msomaji anapaswa kutulia kidogo. Programu ingetoa jibu sahihi katika hesabu zote mbili. Ikiambiwa faida ni Sh. milioni 9 itakokotoa Sh. 792,000/- bila kukosea, na ikiambiwa Sh. milioni 19 itakokotoa Sh. 3,636,000/- bila kukosea. Kosa halikuwa kwenye kukokotoa. Lilikuwa shambani, siku ya kupima gunia.

Mhasibu naye akiitwa Juni hawezi kuirudisha siku hiyo. Anayeahidi kwamba anaweza kupata risiti za kujaza pengo anauza risiti za bandia, na mteja ndiye atakayejibu. Mhasibu wa kweli mtu humwita kabla ya msimu wa kununua. Atamwelekeza atumie kitabu cha ununuzi chenye jina la mkulima, kijiji, namba ya simu, kilo, bei na sahihi. Alipe kwa simu pale inapowezekana ili muamala uonekane. Na atunze stakabadhi za ushuru wa mazao za halmashauri. Stakabadhi hizo wengi huzitupa baada ya kupita kizuizi. Tangu mwaka 2017 ushuru huo ulipowekwa kuwa asilimia 3 kwa mazao ya biashara na asilimia 2 kwa mazao ya chakula, stakabadhi yake ni ushahidi wa pembeni kwamba mzigo ulikuwepo na ulikuwa wa thamani gani.

Mfanyabiashara wa ngazi hii anayepinga makadirio ya TRA ana siku 30 za kuwasilisha pingamizi. Lakini pingamizi halipokelewi bure. Hutakiwa kwanza kulipa kodi isiyo na ubishi au theluthi moja ya kodi iliyokadiriwa, kutegemea kipi ni kikubwa. Kwa mnunuzi wetu, theluthi ya Sh. 3,636,000/- ni Sh. 1,212,000/-. Fedha hizo zitatoka kwenye mtaji wa kununulia mazao, na huenda zikatoka katikati ya msimu. Aliyemlipa mhasibu mwanzoni mwa mwaka amenunua, pamoja na mambo mengine, uwezekano wa kutofika huko.

MALORI, MPAKA NA SOMO LA MARUBANI

Kundi la tatu ni la wasafirishaji. Mwenye lori anayepakia Dar es Salaam na kushusha Kigali kupitia Rusumo, au Burundi kupitia Kabanga, anapata fedha katika nchi moja kwa kazi iliyofanyika katika nchi mbili. Swali lake linafanana na la watu ambao huenda hakuwafikiria: marubani.

Nchini Marekani, ambako mlipakodi hujaza ritani yake mwenyewe, marubani wamekuwa wakijiuliza kwa miaka mingi kama watumie programu au wamlipe mtaalamu. Rubani huishi jimbo moja, huanzia safari jimbo jingine na huruka juu ya mengi. Sheria ya huko ilirahisisha jambo hilo: mshahara wake hutozwa kodi ya jimbo na jimbo analoishi, au lile anakopatia zaidi ya nusu ya mapato yake, na si majimbo mengine anayopita. Tena, kuanzia mwaka 2018 gharama za kazi ambazo mwajiri hakuzirudisha, kama vile sare, ziliacha kupunguza kodi ya serikali kuu. Hivyo rubani mwenye mwajiri mmoja na mshahara tu ana sababu ndogo ya kumlipa mtu. Mwenye biashara ya pembeni, nyumba za kupangisha au makazi nje ya nchi bado anamhitaji.

Somo hilo linafaa hata Lusahunga. Dereva aliyeajiriwa, kama rubani aliyeajiriwa, hukatwa kodi na mwajiri wake kabla ya kupokea mshahara. Akiwa hana mapato mengine, hana haja ya mhasibu. Mwenye lori ni habari nyingine. Mkazi wa Tanzania hutozwa kodi kwa mapato yake ya ndani na ya nje, na kama amekwisha kulipa kodi ya mapato ng'ambo, sheria inampa nafasi ya kuomba ihesabiwe ili asilipe mara mbili. Nafasi hiyo hudaiwa kwa hati, wala haiji yenyewe.

Upo pia mtego wa VAT. Kikomo cha kusajiliwa kiliinuliwa Julai 2023 kutoka mauzo ya Sh. milioni 100 hadi Sh. milioni 200 kwa mwaka. Usafirishaji wa mizigo wa kimataifa hutozwa VAT kwa kiwango cha sifuri. Watu wengi huchanganya sifuri na msamaha, na programu haitamrekebisha aliyebonyeza kisanduku kisicho chake. Mwenye kutozwa sifuri anaweza kudai VAT aliyolipa kwenye matairi na vipuri. Mwenye msamaha hawezi. Lakini sifuri hudaiwa kwa mkataba wa usafirishaji na hati za forodha zinazoonyesha kuwa mzigo ulitoka nchini. Karatasi hizo zikibaki kwenye kabati la lori, dai limekufa. Kwa biashara ya namna hii mhasibu anayeifahamu forodha si anasa.

MHASIBU NAYE APIMWE

Kumlipa mtu hakumwondolei mlipakodi dhamana. Ritani ina TIN ya mwenye biashara, na deni au faini itakuja kwa jina lake, hata kama aliyekosea ni karani wa mhasibu. Kwa hiyo kabla ya kukabidhi mafaili, mambo machache yaangaliwe.

Anayejiita mhasibu au mkaguzi wa hesabu awe amesajiliwa na Bodi ya Taifa ya Wahasibu na Wakaguzi wa Hesabu (NBAA), iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1972. Anayejiita mshauri wa kodi awe anatambuliwa na TRA. Aonyeshe cheti bila kununa, na atoe risiti ya EFD kwa ada yake mwenyewe. Mtu anayekataa kutoa risiti hawezi kumfundisha mwingine kuzitunza.

Fedha za kodi zisipitie mfukoni mwake. Malipo yafanywe benki au kwa simu kwa namba maalumu ya malipo iliyotolewa kwa TIN ya mwenye biashara, na uthibitisho ubaki kwa mwenye biashara. Neno la siri la mtandao wa TRA liwe la mlipakodi, na namba ya simu iliyosajiliwa iwe yake, siyo ya kijana wa stesheneri aliyemsaidia kuomba TIN. Wapo waliogundua baada ya miaka kwamba ujumbe wote wa TRA ulikuwa ukienda kwenye simu ya mtu aliyekwisha kuhama mji.

Mwisho, bei ikubaliwe kwa kazi na siyo kwa asilimia ya kodi "itakayookolewa". Anayelipwa kwa asilimia ana sababu ya kupunguza kodi hata kwa uongo, na mkaguzi akija miaka mitatu baadaye yeye hatakuwepo.

NJIA YA TATU

Kati ya programu peke yake na mhasibu wa mwaka mzima ipo njia inayowafaa wengi wa hapa katikati: programu kwa kazi ya kila siku, na mhasibu kwa siku chache za mwaka. Mauzo yaingizwe kila jioni, risiti zipigwe picha na kuhifadhiwa, kisha kila baada ya miezi mitatu, kabla ya kulipa awamu, mhasibu apitie kilichoandikwa na kuuliza maswali yake. Wafanyabiashara wanne au watano wa eneo moja wanaweza kumwita pamoja kutoka Bukoba au Mwanza na kugawana nauli na malazi. Ada ya siku moja ikigawanywa hivyo haimlemei mtu.

Walio jirani na mpaka wakumbuke tahadhari moja ya kawaida. Pale ambapo simu hukamata minara ya Rwanda au Burundi, programu inayotegemea mtandao inaweza kukwama au kumaliza salio haraka. Anayesubiri saa za mwisho za Juni 30 kutuma ritani akiwa Rusumo anacheza kamari na mnara wa jirani.

Aidha, viwango vya kodi si vya kukariri. Sheria ya Fedha hutungwa kila mwaka na kwa kawaida huanza kutumika Julai 1. Programu ambayo haijasasishwa itakokotoa kwa viwango vya zamani, na mhasibu asiyesoma atafanya vivyo hivyo. Swali la kwanza la kuwauliza wote wawili, Julai inapoanza, ni hili: mwaka huu kimebadilika nini?

Kwa kifupi, duka moja lenye mauzo madogo litosheke na daftari au programu. Mwenye kampuni, wafanyakazi, VAT au mzigo unaovuka mpaka amtafute mhasibu, na amtafute mapema. Aliye katikati achanganye vyote viwili. Na mnunuzi wa mazao, kabla hajafikiria kompyuta au mtaalamu, anunue kwanza kitabu cha ununuzi, akiweke kando ya mizani, na ahakikishe hakuna gunia linalopanda gari bila kuandikwa.